Tektronix 2465 na 2465B: uzoefu wangu na skopu mbili zinazofanana kwa sura

Kwenye meza yangu ya kazi, Temeke, kuna osiloskopu mbili za Tektronix, yaani mashine zinazochora wimbi la umeme kwenye kioo, zimekaa bega kwa bega: 2465 na 2465B. Mtu akizitazama haraka ataona pacha. Kioo ni kilekile cha kijani, vitufe vimepangwa karibu sawasawa, mpini wa kubebea ni uleule. Aliyeniuzia ile ya pili aliniambia, "Kaka, hizi zote ni moja, hiyo B ni herufi tu." Nilikuwa nimeitumia 2465 ya kawaida miaka miwili bila kunisumbua, kwa hiyo nikatoa laki tisa zangu bila hata kuomba bisibisi nifungue kifuniko. Leo ningeomba bisibisi kwanza, ndipo nitoe hela.

Kazi yangu kubwa ni redio za upepo, hasa za boti, pamoja na inveta na powasaplai. Skopu hizi zilitengenezwa Beaverton, Oregon, Marekani, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na mpaka leo sijaona ya kisasa ya bei hiyo inayochora wimbi kwa ulaini namna hii. 2465 inapima mawimbi mpaka 300 MHz (mizunguko milioni 300 kwa sekunde), 2465A 350 MHz, 2465B 400 MHz, na mdogo wao 2445 alianzia 150 MHz. Wauzaji hupandisha bei kwa kufuata namba hizo. Mimi chaneli 16 ya redio za baharini naipima kwenye 156.8 MHz, na 2465 ya kawaida inaionyesha bila shida. 2445 ya 150 MHz ingelionyesha wimbi hilo likiwa limepungua kwa karibu asilimia 30, maana MHz zinazoandikwa usoni ndipo mahali ambapo kimo cha wimbi kimeshashuka hadi asilimia 71 hivi. Kwa hiyo kutoka 2445 kwenda 2465 nauona mruko wa kweli. Kutoka 300 kwenda 400, kwa kazi za karakana kama yangu, sijawahi kuona faida yake hata siku moja.

Tena hiyo 400 unaipata ukiwa na probu yake, yaani waya wa kupimia. 2465B ilikuja na P6137, na 2465 ilikuja na P6131. Ukichomeka probu ya 100 MHz ya dukani, zote mbili zinakuwa skopu za 100 MHz. Na angalia kitu kidogo ambacho wengi hawakijui: probu za Tektronix zina kijipini pembeni mwa kiunganishi, kinachogusa duara la chuma kwenye skopu na kuiambia kwamba probu hii inagawa kwa 10. Probu za kawaida hazina kijipini hicho, kwa hiyo volti zinazoandikwa juu ya kioo zinakuwa pungufu mara 10 na lazima uzidishe mwenyewe. Kijana wangu mmoja alipoteza nusu siku akitafuta hitilafu kwenye powasaplai iliyokuwa nzima, sababu ni hiyo tu.

Zote zina chaneli nne, yaani njia nne za kuingizia mawimbi, ila ya 3 na ya 4 zina hatua mbili tu, volti 0.1 na 0.5 kwa kila mraba. Zinafaa kutazama mapigo ya dijitali, si zaidi. B inaongeza mambo matamu: kuna kitufe cha kujipanga yenyewe ukishachomeka probu, na inahifadhi mipangilio 30 ya vitufe vyote, kiasi kwamba kazi unayoirudia kila wiki unaiita kwa kubonyeza mara mbili. Hilo nalisifu kwa moyo wote. Lakini raha hiyo inategemea kumbukumbu ya ndani, na hapo ndipo herufi B ilipoanza kunifundisha.

Skopu hizi zina kompyuta ndogo ndani, kwenye bodi ya udhibiti inayoitwa A5. Kiwandani kila moja ilipimwa, na mapungufu yake ikaandikiwa namba za kuyasahihisha: chaneli hii iongezwe kiasi gani, mstari ukimbie kwa kasi gani. Bila namba hizo mashine inawaka lakini haijijui. 2465 ya kawaida inaziweka kwenye chipu ya zamani, ER1400, yenye biti 1,400 tu, isiyotegemea betri yoyote. 2465B za mwanzo zina bodi ya vipuri vya miguu mirefu na betri ya lithiamu iliyolehemiwa juu yake, unaiona kwa macho. Kuanzia namba ya mfululizo B050000 bodi ilibadilishwa ikawa ya vipuri vya kubandika juu, na namba zikahamia kwenye chipu ya Dallas DS1225, ambayo betri yake imefungiwa humohumo ndani ya plastiki. Karatasi ya chipu hiyo iliahidi kutunza kumbukumbu miaka 10. Skopu zenyewe sasa zimepita 30.

Yangu ilikuwa ya namba za juu. Mwezi wa tatu tangu niinunue, asubuhi ya Jumatatu, niliiwasha, taa za vitufe zikamulika, kioo kikaandika TEST 04 FAIL. Nikabonyeza A/B TRIG kama kitabu cha ufundi kinavyoelekeza, mstari ukatokea, nikapumua. Kisha nikaipima betri ya gari ambayo mita ilisema ina volti 12.6. Skopu ikasoma 10 na kidogo. Nikabadilisha probu, nikabadilisha chaneli, namba ikahama lakini haikukaribia. Mashine yote ilikuwa nzima, imesahau tu namba zake. Na namba hizo huwezi kuziazima kwenye skopu nyingine, kwa sababu zinaeleza vipuri vya skopu ile moja peke yake.

Kuziandika upya kunataka vifaa vya kulinganishia: PG 506 kwa volti, TG 501 kwa muda, SG 503 kwa mawimbi ya kimo kisichobadilika. Niliuliza kila ninayemfahamu, nikakosa. Mpaka leo B yangu inanionyesha umbo la wimbi tu, na nikitaka namba nageukia 2465 ya kawaida, ile niliyodhani ni ya kizamani.

Ndiyo maana rafiki yangu, fundi wa Zanzibar, aliponipigia kuniambia amepata 2465B ya namba za juu, sikumpa hata nafasi ya kumaliza kuisifu. "Shekhe, yangu inasoma sawasawa," akasema. Nikamwambia, "Basi njoo nayo kabla haijalala." Akavuka nayo kwa boti Ijumaa jioni, kesho yake tukaifungua.

DS1225 ni kipande cheusi kinene chenye miguu 28, kimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi bila soketi. Hatari yenyewe ni kwamba betri iliyomo ni dhaifu, na mguu ukiguswa na chuma chenye umeme unaovuja, data inaweza kufutika. Kwa hiyo tulipasha mkono wa kulehemu, tukauchomoa ukutani, tukafyonza risasi ya miguu miwili au mitatu, tukaupasha tena. Kazi ya saa moja na nusu. Mguu wa 14, ambao ni wa grundi, ndio uliotutoa jasho, kwa sababu umeungana na shaba pana inayonyonya joto lote. Hapo usitumie nguvu. Ongeza risasi mpya, isubiri iyeyuke vizuri, ndipo ufyonze. Ukivuta kwa hasira utang'oa njia ya shaba upande wa pili.

Chipu ilipotoka tukaiweka kwenye programa ya TL866, kifaa cha kusoma na kuandika chipu, na kuisoma mara tatu. Mafaili yote matatu yakalingana baiti kwa baiti. Rafiki yangu akatoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Tukayahifadhi kwenye kompyuta yangu, kwenye simu yake na kwenye flashi, tukaandika data kwenye chipu mpya, tukalehemu soketi na kuipachika. Skopu iliwaka bila malalamiko yoyote. Tukachukua ile betri ya gari, mita ikasema 12.6, skopu ikasema 12.5. Kwa skopu ya analogi hapo huna la kudai.

Kuna tahadhari moja kwenye kununua chipu mpya. Ya kwanza tuliyoagiza mtandaoni ilikuwa imekwanguliwa maandishi na kuchapwa upya; iliandikika vizuri, tukaizima usiku, asubuhi ikawa tupu. Nunua, ijaribu siku mbili bila umeme, ndipo uiamini.

Bodi hiyo ya B050000 kwenda juu ina jambo jingine. Kapasita zake ndogo za kubandika zimezeeka na zinavuja maji yanayokula njia za shaba pembeni yake. Ukizigusa kwa joto zinatoa harufu ya shombo la samaki, na harufu hiyo ukiisikia ujue muda umefika. Zitoe, safisha kwa spiriti, weka mpya. Kwenye bodi ya 2465 ya kawaida sikukutana na ugonjwa huo.

Yanayozipata zote mbili nitayataja kwa kifupi. Kwenye powasaplai kuna kapasita za karatasi zenye ganda la rangi ya asali, zinazopasuka nyufa kwa umri na kunyonya unyevu. Kwa sisi wa pwani hilo si la kusubiri. Yangu ilitoa moshi mzito siku ya pili, na karakana ikanuka wiki nzima. Badilisha kabla ya kuchomeka umeme mara ya kwanza. Angalia pia swichi ya nyuma ya 115 na 230, kwa sababu zilizotoka Marekani huja zikiwa kwenye 115. Na sikiliza feni. Kuna chipu ya U800, namba ya kipuri 155-0241-02, inayosukuma mstari kushoto na kulia; inachemka sana, na ikifa haina mbadala mpya. Feni ikikwama, zima hapohapo.

Kuhusu programu ya ndani, iko kwenye EPROM, chipu zenye kidirisha juu ambazo mwanga wa jua unaweza kuzifuta, zenye namba za Tektronix zinazoanza na 160, na tarakimu mbili za mwisho ndizo toleo. Usihamishe EPROM kutoka skopu moja kwenda nyingine kwa kuona zinafanana. Programu inakwenda na bodi yake, na skopu zenye vifaa vya ziada kama multimita au kihesabu mapigo zina mahitaji yao. Zisome zote unapokuwa umefungua kifuniko, kisha bandika kibandiko kipya juu ya kidirisha kama cha zamani kimechakaa, mwanga wa jua usiifikie chipu.

Ukienda kununua, tazama namba ya mfululizo kabla ya kitu chochote. Herufi B mwanzoni mwa namba hiyo ni ya Beaverton, si ile B ya 2465B. Zinazoanzia 700000 ni za kiwanda cha Heerenveen, Uholanzi, na kwa hizo kanuni ya B050000 haikusaidii, inabidi ufungue uone bodi kwa macho. Muuzaji akikataa usifungue, mimi ningeondoka.

Kwa fundi anayetaka skopu moja ya kufanyia kazi kila siku, nampa 2465 ya kawaida bila kusita. Ina MHz za kutosha, haina betri ya kufa, na bei yake iko chini. 2465B ni skopu bora kuliko hiyo ikiwa bado ina kumbukumbu yake, na ukiipata hivyo, kazi ya kwanza kabla ya kupima chochote ni kuitoa ile chipu na kuisoma. Ukiiona inauzwa huku kioo kinaandika TEST 04, lipa bei ya spea.

B yangu sijaiuza. Nimeshaiwekea soketi na chipu mpya tupu, nimebadilisha kapasita zote za bodi, feni nimeipaka mafuta. Nikimpata mtu wa kuniazima PG 506 na wenzake hata kwa siku mbili, nitaiandikia namba zake upya.