Inua Godoro Kwanza! Kitanda cha Kuanzia Maisha, Futi Tano kwa Sita

Sikilizeni. Nimekaa tu pembeni hapa, sijaruka, sijacheza… kriii. Mmeisikia? Hiyo siyo maikrofoni, maikrofoni ni mpya, na mliochangia asanteni sana. Hicho ni kitanda. Hakijamaliza hata mwezi tangu kitoke dukani!

Habari zenu wadau. Mdogo wangu kapanga chumba huku Tabata, chumba kimoja na choo ndani. Kodi kalipa ya miezi sita kwa mkupuo, kilichobaki mfukoni kaenda kununulia kitanda. Nimekuja kumpongeza, nimejikuta nawasha kamera. Kwa hiyo ile video ya feni niliyowaahidi inasogea mpaka Alhamisi, msinitukane kwenye komenti.

Vipimo vya futi tano kwa sita mnavijua, sina haja ya kuvihubiri. Kwa macho kizuri, sikatai. Ubao wa kichwani umechongwa maua, vanishi inang'aa, ukipiga picha utasema umetoka Zanzibar hotelini. Na kilikuja siku hiyohiyo juu ya guta, kikafungwa boliti, kazi imekwisha.

Sasa mpiga picha, shuka huku chini. Nainua godoro. Hesabuni na mimi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita… saba. Chaga saba, hizi mbao za kukingama zinazobeba godoro! Kitanda cha mtu mzima kina chaga saba!

Nimekuja na tepu. Kila chaga ina upana wa inchi 3. Saba mara tatu, 21. Urefu wa kitanda ni inchi 72. Maana yake inchi 51 ni hewa, ndugu yangu, umenunua hewa! Zigawe kwa nafasi sita zilizopo kati ya chaga na chaga, unapata inchi nane na nusu kila moja. Hili hapa kopo la rangi la lita nne, nimelichukua kwa mwenye nyumba. Angalia. Linapita bila kugusa huku wala huku. Ngoja nirudie, maana kuna watu watasema nimehariri. Limepita tena.

Sasa kwenye nafasi kama hiyo sponji inafanya nini? Inazama. Unalala leo, unalala kesho, baada ya muda godoro lina mabonde na vilima, halafu mtu anaandika komenti kulaumu kiwanda cha magodoro. Kiwanda kimekosa nini hapo?

Sijamaliza. Naweka goti katikati ya chaga hii. Unaona inavyopinda? Unene wake ni nusu inchi, na imeachiwa futi tano nzima ijishikilie yenyewe. Hakuna ubao wa katikati, hakuna mguu wa tano chini yake. Njoo na huku mwisho: chaga imekalia kijiti, na kijiti chenyewe kimeshikwa na misumari miwili, gundi hamna, skrubu hamna. Kriii yetu inatoka hapa. Ukigeuka usingizini, chaga inasuguana na kichwa cha msumari. Kwa nyumba za kupanga zenye kuta hizi, jirani anajua saa uliyogeuka.

Na inatibika! Ndiyo maana nimekasirika zaidi. Ongeza chaga tano, ziwe 12, nafasi zinashuka mpaka inchi tatu na kidogo. Pitisha ubao mmoja katikati kuanzia kichwani mpaka miguuni, uwekee mguu. Vile vijiti vya pembeni toa misumari, weka gundi na skrubu. Halafu kata vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, vilaze chini ya ncha za chaga. Fundi yeyote wa mtaani anaiweza kazi hii, ni saa chache tu.

Jambo la pili, wakati bado nipo huku uvunguni. Muuzaji alimwambia ni mninga. Mbele rangi ni ya mninga kweli. Ila vanishi haifiki kila mahali, kwa hiyo tazama nyuma ya ubao wa kichwani: mbao nyeupe, nyepesi, ina vifundo. Nakwaruza na funguo, unaona unavyozama? Hiyo ni paini. Paini siyo dhambi, mashamba ya Mufindi yanatulisha mbao nchi nzima, na kama hela ni ndogo chukua paini kwa bei ya paini. Mninga unaulipia kwa sababu kiini chake hakibunguliwi ovyo na hakipindi sana kikikauka. Ukiulipia halafu ukapewa rangi tu, hapo umepigwa.

Kwa mafundi samani wa Keko wiki hii, futi tano kwa sita ya mninga nimetajiwa kuanzia laki nne na nusu kwenda juu, kabla hatujaanza kupatana. Ya paini, laki na nusu mpaka laki mbili. Kwa fundi unachagua mbao, unahesabiwa chaga ukiwa umesimama pale. Nilikuwa nataka kusema msinunue vya dukani kabisa, ila hapana, duka nalo lina haki yake. Fundi akikwambia njoo Jumamosi, muulize Jumamosi ya mwezi gani. Kwa mtu anayehamia leo na hana pa kulala, duka linamfaa, mradi ainue godoro kwanza.

Kuna mwenzetu mmoja, simtaji, chaneli yake kubwa kuliko hii, anasema anza na sofa maana wageni wataona. Chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda hiki kinakula futi 30 za mraba, halafu uingize sofa la L? Wageni watalionea wapi, dirishani? Anza na kitanda na godoro. Wageni wape viti vya plastiki, au mkeka, tumekulia humo.

Na mnaosema godoro chini linatosha: wiki moja mbili sawa, ila kila asubuhi lisimamishe ukutani. Kwa joto na unyevu wa Dar, ukiliacha limelala kwenye sakafu ya saruji, ukigeuza utakuta ukungu. Nguo, kabati la kitambaa lenye zipu linakutoa mwaka wa kwanza. Meza moja ya kulia, kupigia pasi na kuwekea kompyuta. Dresingi tebo isubiri. Na pima mlango kabla hujalipa, maana kitanda kinafunguka, kabati la mbao wakati mwingine halifunguki.

Haya, mdogo wangu ananiuliza pembeni hapa nani analipia hizo chaga tano na ubao wa kati. Chaneli italipia. Kwa hiyo nyie mnaoruka matangazo, leo naombeni mvumilie zile sekunde chache, fundi yuko njiani na anataka hela taslimu.