Seti kamili ya gasketi ya tapeti kava: inazibaje oili kwenye mashimo ya plagi?

Ukichomoa koili (inayopeleka umeme kwenye plagi) ukakuta mpira wake umelowa oili, seti hii ndiyo ya kununua, ila hakikisha kwanza oili imetokea wapi. Oili iliyotuama shimoni, juu ya plagi, imepita kwenye sili za duara zinazobana mirija ya plagi chini ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini. Shimo likiwa kavu lakini ncha ya plagi imelowa oili, shida iko kwenye ringi za pistoni au sili za vali, na hapo seti hii haikusaidii kitu.

Kwa injini ya silinda nne yenye kemshafti mbili (mihimili inayofungua vali), pakiti kamili kwa kawaida ina gasketi ya kuzunguka kava, sili nne za plagi, na mara nyingi washa za mpira za bolti. Hapo ndipo inapoipita mbali ile pakiti ya bei nafuu yenye gasketi ya pembeni tu. Kufungua kava ndiyo kazi yenyewe. Kurudishia sili kuukuu zilizokwisha kukakamaa ni kujitafutia kazi ileile baada ya muda mfupi. Angalia injini yako kabla ya kulipa: kwenye nyingine sili zimeungana na gasketi, na kwenye chache hazitoki, unalazimika kununua kava nzima.

Ubora uko kwenye mpira. Binya sili kwa vidole: nzuri hurudi umbo lake mara moja, na mdomo wake wa ndani ni laini pande zote, hauna vinyuzi vya mpira vilivyobaki kutoka kwenye kalibu. Mpira wa akriliki huvumilia joto la injini kuliko wa nitrile, ambao hukakamaa mapema.

Kufunga kunataka utulivu. Injini ikiwa imepoa, nyonya oili yote shimoni kwa sirinji yenye mpira mwembamba kabla ya kugusa plagi, la sivyo itamwagikia ndani ya silinda. Kwangua mabaki ya gasketi kwa kipande cha plastiki, kwa sababu chuma hukwaruza alumini na mkwaruzo huo huwa njia mpya ya oili. Sili mpya ibonyezwe sawasawa kwa soketi inayolingana nayo, kisha mdomo upakwe oili safi kidogo. Wengi huharibu hapa: kava ikishushwa upande upande, mdomo hujikunja na shimo hujaa tena.

Silikoni weka kwenye viungo tu, pale kava ya taimingi inapokutana na silinda hedi na kwenye kona za vifuniko vya kemshafti. Ukiipaka kote, vipande hukatikia ndani na vinaweza kuziba chujio la pampu ya oili. Bolti ndogo za kava nyingi hukazwa karibu Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza) au pungufu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili au mitatu. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha injini yako. Ukikaza kupita kiasi, gasketi inapondeka, na kava ya plastiki inapasuka.

Upungufu wa seti ni kwamba haina mipira ya koili. Mpira uliolowa oili huvimba na kulainika, umeme ukavujia pembeni na injini ikaendelea kumisi (silinda kushindwa kuwaka) hata baada ya kuziba. Inunue kando. Kagua pia vali ya PCV, inayotoa gesi zilizojikusanya ndani ya injini: ikiziba, presha ya ndani ya injini husukuma oili kupita hata sili mpya.

Baada ya kilomita mia kadhaa chomoa koili zote, umulike mashimo kwa tochi. Ukiona oili inapanda kutoka chini ya mrija, kinachovuja ni kiungo cha mrija na silinda hedi, na hicho kina oringi au gundi yake, haimo kwenye pakiti hii.