ColorBrewer kwenye ramani za mikoko ya Lamu

Watayarishaji wengi wa ramani za mikoko ya Lamu, kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, hupaka kijani palipostawi na nyekundu palipokatwa, na ramani hiyo ikitundikwa mbele ya wavuvi na wakata boriti, asiyetofautisha rangi hizo mbili huona hudhurungi tupu kutoka Mkunumbi hadi Kiunga. Wengi wa watu hao ni wanaume, kwa kuwa jeni zinazohusika zimo katika kromosomu ya X, na mikutano yetu ya bandarini hujaa wanaume.

ColorBrewer, programu ya bure ya kuchagulia rangi za ramani iliyobuniwa na Cynthia Brewer na Mark Harrower nchini Marekani, hufunguka kwenye kivinjari bila kusakinishwa. Ukiweka alama kwenye kisanduku cha rangi zilizo salama kwa watu hawa, mpangilio wa nyekundu, njano na kijani hutoweka papo hapo. Kati ya inayobaki nimependelea ule unaoanzia kahawia iliyokolea, ukapauka katikati, kisha ukaishia kijani-buluu, maana kwa ngazi tano mpaka wa msitu uliokatwa huonekana bila kukodoa macho. Ila usiupeleke kwenye fotokopi: ncha zote mbili hutoka kijivu kile kile, na palipokatwa pakafanana na palipostawi. Kwa karatasi za kugawa, chukua rangi moja inayokolea hatua kwa hatua.

Udhaifu wa ColorBrewer hujitokeza kwenye makundi yasiyo na daraja. Kwa wasiotofautisha rangi haitoi zaidi ya rangi nne, kwa hiyo grafu ya changu, tasi, nguru, pweza na kamba tayari imeishinda. Hapo ninaona afadhali rangi nane za Wajapani Masataka Okabe na Kei Ito, nyeusi ikiwemo, na jina la samaki liandikwe kwenye ncha ya mstari wake badala ya kuwekwa pembeni.

Maelezo ya ColorBrewer ni ya Kiingereza na ramani ya mfano ni ya Marekani, jambo lisilodhuru, kwani kinachonakiliwa ni namba za rangi tu. Anayetumia QGIS, programu ya kuchorea ramani, ataikuta mipangilio hii humo humo, pamoja na namna ya kuitazama ramani kama aionavyo asiyetofautisha nyekundu na kijani, kabla ya kuichapisha.