Mgahawa wa Kurasini Ulioiga Ukumbi wa Madereva wa Dover

Nyuma ya mojawapo ya bandari kavu za Kurasini, katika uchochoro ambao vumbi la matela haliutoki mchana kutwa, upo mgahawa usio na bango ambao madereva wa masafa marefu wameufanya mahali pao pa kusubiria karatasi za forodha za mizigo yao. Nimekula hapo kwa nyakati mbalimbali, mchana wateja wanapobanana na usiku wa manane majirani wanapokuwa wamekwisha kufunika masufuria yao, na maoni yangu ni kwamba chakula chake ni kizuri bila kuwa cha ajabu, lakini huduma yake inaizidi kwa mbali ile ya migahawa mingine ya bei hiyo hapa Dar es Salaam. Sababu ya tofauti hiyo haimo jikoni. Imo katika maisha ya mwenye mgahawa, ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliendesha malori kutoka Uingereza kuvuka bahari kwenda Ufaransa, Ubelgiji na Italia, na ambaye hatimaye alirejea nyumbani akiwa na msimamo thabiti kuhusu namna dereva anavyostahili kulishwa.

Msimamo huo aliupatia melini. Katika meli za kuvusha magari kati ya bandari ya Dover, Uingereza, na ile ya Calais, Ufaransa, safari inayochukua takriban saa moja na nusu, madereva wa malori walitengewa ukumbi wao, mbali na watalii na watoto wao, na mlo wao ulikuwa umekwisha kulipiwa ndani ya nauli ya lori. Kwa kuwa sheria za usalama haziruhusu mtu kubaki kwenye staha ya magari meli ikiwa safarini, dereva alifunga lori lake, akapanda ngazi, akaketi na kuletewa sahani. Mzee, maana hivyo ndivyo wateja wote wanavyomwita naye ameomba jina lake lisiandikwe, anasema kwamba katika safari nzima ya siku kadhaa ukumbi ule ulikuwa mahali pekee ambapo dereva alihesabiwa kuwa mgeni. Kwingineko kote, iwe getini, mizanini au dirishani kwa ofisa wa forodha, alihesabiwa kuwa mtu anayeficha jambo. Mgahawa wa Kurasini ni jaribio la kuuhamishia ukumbi ule nchi kavu, na kwa kipimo hicho ndipo ninapoutathmini.

Jambo la kwanza lililofaulu ni mpangilio wa meza. Upande mzima unaotazama uwanja wa kuegesha hauna ukuta bali wavu, na meza zimepangwa kuufuata wavu huo, hivyo kila anayekula analiona lori lake. Dereva aliyewahi kuamka akakuta dizeli imenyonywa au turubai limechanwa hahitaji kuelezwa thamani ya kiti cha namna hiyo. Jambo la pili, ambalo sijaliona popote pengine mjini, ni namna ya kuagiza. Mhudumu huleta kwanza maji ya kunawa, kisha huuliza swali moja tu: karatasi zimetoka? Ukijibu kwamba zimetoka, unapakuliwa papo hapo kilichoiva, kwa sababu inafahamika kwamba una zaidi ya kilomita 900 za kwenda Tunduma na kwamba unataka kuipita mizani ya Vigwaza kabla foleni haijawa ndefu. Ukijibu kwamba bado, ndipo unapoulizwa ungependa upikiwe nini, na hakuna atakayekuharakisha kuinuka hata ukikaa hadi alasiri ukiitazama simu. Huduma nzima imejengwa juu ya hali ya mzigo wako forodhani, na wahudumu, ambao ni vijana wa Temeke na Mtoni wasiowahi kuuona mpaka wowote, wanaifahamu tofauti ya mzigo uliokaguliwa na mzigo uliotolewa kuliko makarani kadhaa niliowahi kushughulika nao.

Chakula chenyewe ni cha kawaida ya pwani. Supu ya kongoro ya alfajiri, kwa shilingi 3,000, ni nzito na haina mafuta ya kupita kiasi; ugali na kibua wa kukaanga ni 5,000; wali wa nazi na maharage ni 2,500, na kwa kiwango hicho cha fedha sijapata bora yake katika eneo lote la bandari. Kisamvu hupikwa Jumanne na Ijumaa na huisha mapema. Samaki wa usiku, hata hivyo, mara nyingi ni wa mchana aliyerudishwa kwenye mafuta, na anayefika baada ya saa tano ni afadhali aagize mayai. Kipo pia chakula kimoja cha asubuhi ambacho Mzee anakihifadhi kwa mapenzi yake binafsi, yaani mayai, mkate uliokaangwa na maharage yaliyozama katika rojo tamu la nyanya, kama walivyokuwa wakila melini. Madereva hukiagiza kwa utani, na mimi nilikila kwa heshima ya mwenyeji. Maharage yenye sukari yabaki huko huko Dover.

Anayefika jioni hupata kitu ambacho hakimo katika orodha ya bei, nacho ni mazungumzo. Karibu na kaunta umening'inizwa ukutani mkanda mrefu wa kamba ya plastiki yenye waya ndani, na mgeni akiuliza ni wa nini, Mzee hueleza kwa utulivu wa mwalimu. Katika miaka ya 1980 matela mengi ya Ulaya yalikuwa ya fremu na turubai, na lori lililosafiri chini ya TIR, mkataba wa kimataifa wa kuvusha mizigo iliyofungwa kupitia nchi kadhaa, lililobandikwa kibao cha buluu chenye herufi hizo tatu nyeupe, lilipitishiwa kamba moja katika pete zote za turubai kuzunguka tela zima, kisha ncha zake mbili zikaunganishwa na kupigwa lakiri. Ofisa wa nchi iliyopitiwa hakuhitaji kushusha hata katoni moja. Aliitazama lakiri, akaifuata kamba kwa mkono kuzunguka tela, akagonga muhuri kwenye kitabu cha TIR alichobeba dereva na kuchana kipande chake. Kijana mmoja anayepeleka mafuta ya kula Lubumbashi alisema kwamba sili ya kielektroniki aliyofungiwa Dar es Salaam inafanya kazi ile ile, ila yenyewe humsemea dereva kila aliposimama hata kama alisimama kujisaidia. Walikubaliana kwamba wazo halijabadilika, kwani tangu zamani inayoaminiwa ni kufuli na wala si dereva.

Simulizi za Mzee zina sifa ninayoithamini, kwamba hazikuzwi. Anapozungumzia Dover ya kabla ya mwaka 1993 hasemi habari za mawimbi bali za kungoja: dereva aliingia na karatasi zake katika ofisi ya wakala, wakala akaziwasilisha forodhani, na kuanzia hapo kosa dogo la uzito au la thamani katika ankara lingeweza kumlaza bandarini usiku kucha. Anaikumbuka Februari ya 1984, madereva wa Ufaransa walipoziba barabara kuu kwa malori yao kwa hasira dhidi ya mgomo wa maofisa wa forodha mpakani na Italia, na wageni kama yeye wakakwama katikati wakipikiana kwenye majiko ya gesi pembezoni mwa barabara. Kisha, tarehe 1 Januari 1993, soko la pamoja la Ulaya lilipoanza, ukaguzi wa forodha wa bidhaa kati ya nchi wanachama uliondolewa, na malori yakaanza kuteremka melini na kuondoka moja kwa moja. Anakiri kwamba mwanzoni alipunguza mwendo kwa mazoea mbele ya vibanda ambavyo havikuwa na mtu. Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, karatasi zilirudi tarehe 1 Januari 2021, na siku chache kabla yake, Ufaransa ilipofunga mpaka kwa saa 48 kwa kuhofia aina mpya ya kirusi cha korona, maelfu ya malori yalikwama Kent, jimbo la Uingereza iliko Dover, mengine yakipangwa kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Manston katika majira ya Krismasi. Wakati huo Mzee alikuwa amekwisha rejea, na picha hizo aliziona hapa Kurasini kwenye simu ya mteja.

Kuhusu ajali huzungumza kwa ufupi. Tarehe 6 Machi 1987 meli ya Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, kwenda Dover ikiwa imeacha wazi milango yake ya mbele ya kuingizia magari, ikapinduka nje kidogo ya bandari na kuua watu 193, wakiwamo madereva wa malori. Waliokuwapo mezani walitaja MV Bukoba ya mwaka 1996, kisha mazungumzo yakahamia kwingine, na naona ilikuwa sawa.

Mjadala ulionivutia zaidi ulihusu vivuko na madaraja. Madereva wazee wa njia ya kusini wanakikumbuka kivuko cha Rufiji, ambako kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 gari lingeweza kukaa ukingoni likisubiri zamu, na wale wa kanda ya ziwa wanakizungumzia kivuko cha Kigongo na Busisi kana kwamba ni cha kale, ingawa daraja lake limefunguliwa Juni 2025. Hakuna anayetamani kurudi huko. Hata hivyo mmoja wao alisema kwamba kivuko kilikuwa na hisani moja, kwamba kilimlazimisha dereva kupumzika hata kama tajiri hakutaka, na Mzee akaliunga mkono kwa mfano wa kwao: sheria za Ulaya humtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na meli ya Calais ilimpa mapumziko hayo bila kumpotezea muda wa barabarani. Treni ya chini ya bahari, iliyoanza mwaka 1994, huvusha lori kwa takriban dakika 35 huku dereva akiwa amekaa katika behewa tofauti, na wapo waliolalamika kwamba wamepata kasi lakini wamepoteza sahani ya chakula na usingizi mfupi. Ndivyo ilivyo pia kwa Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde, ambacho tangu mwaka 2019 kimeziweka taratibu za nchi mbili mahali pamoja. Ni msaada mkubwa kwa mwenye mzigo, lakini dereva aliyesimamishwa mara moja badala ya mbili hutarajiwa na tajiri wake kufika mapema zaidi, wala si kulala zaidi. Mgahawa huu, kwa maana hiyo, unauza mapumziko ambayo miundombinu mipya imeyaondoa, na unayauza kwa bei ya sahani ya wali.

Upungufu upo, na baadhi yake ni wa kutosha kumfanya mtu apite. Mabafu ni mawili tu, ya shilingi 1,000 kwa kuoga, na alfajiri foleni yake inaishinda foleni ya supu. Hakuna bafu lililotengwa kwa wanawake. Madereva wanawake ni wachache lakini wapo, na ukumbi unaodai kumheshimu dereva hauna udhuru kwa jambo hilo. Wakati wa masika uwanja wa kuegesha hugeuka tope, na lori lililosheheni linapotoka huacha mitaro ambayo hakuna anayeijaza hadi Juni. Televisheni huwashwa kwa sauti ya juu kila kunapokuwa na mechi ya Simba au Yanga, na wakati huo si rahisi kupiga simu ya kuulizia mzigo.

Silikubali pia katazo la Mzee kwamba mawakala wa forodha na makarani wao wasiketi kwenye meza za wavuni. Analitetea kwa kusema kwamba melini karatasi hazikuingia ukumbini, na kwamba mtu anayekula asiwekewe fomu pembeni mwa sahani. Hoja hiyo inaeleweka, lakini matokeo yake ni kwamba dereva anayemngoja wakala huinuka mara kwa mara kwenda kuzungumza naye juani, chakula kikipoa, ilhali utingo wake, ambaye kwa bahati njema anaruhusiwa na hulipa nusu ya bei, anabaki akilinda kiti. Meza moja ya mawakala chini ya mwembe ulioko getini, yenye kivuli na soketi ya umeme, ingelimaliza tatizo hilo bila kuuvunja msimamo wa mtu yeyote.

Malipo hupokelewa kwa fedha taslimu au kwa simu, na mteja wa siku nyingi ambaye posho yake ya safari imechelewa huandikwa katika daftari na kulipa akirudi. Mgahawa haufungwi usiku isipokuwa mkesha wa Idi. Asiye dereva anakaribishwa na atahudumiwa kwa adabu ile ile, ila baada ya saa mbili usiku hatapewa meza ya wavuni, na atatakiwa kulipa kabla ya kula.