Kilo 23 za Hamburg, kilo 11 za Mafia: je, ununue seti ya pili ya kuzamia kwa ajili ya safari?

Haya jamani, karibuni tena. Leo sina bidhaa moja ya kuwaonyesha. Nina swali, tena swali lililonitoa jasho na hela: mtu ambaye tayari ana vifaa vyake vya kuzamia nyumbani, awe na seti nyingine kabisa ya kusafiria?

Kwa wageni wa hapa, mimi ni mtoto wa Tanga, naishi Hamburg. Wikiendi zangu nyingi zinaishia Hemmoor, kwenye machimbo ya zamani ya chokaa yaliyojaa maji. Huko chini kabisa maji ni nyuzi 4, iwe Januari, iwe Agosti. Halafu mara moja kwa mwaka narudi nyumbani, na nikirudi situlii mpaka nifike kisiwani Mafia. Kwa hiyo mtu ni mmoja, maji ni ya aina mbili.

Tuanze na huu mzani. Ni ule wa kawaida wa kuning'iniza begi. Naning'iniza seti yangu ya hapa, kitu kimoja kimoja. Pleti ya chuma ya mgongoni, pamoja na mikanda na lile puto la kuelea: kilo 6.1. Regulata mbili, vile vifaa vya kupumulia hewa ya mtungi, na mipira yake yote: 3.4. Drai suti, ile isiyoingiza maji: 3.9. Nguo za joto za kuvaa ndani yake, kofia na glavu: 2.2. Mapezi haya meusi ya mpira mzito: kilo 3 kamili, na nikikukanyaga nayo utajua. Miwani, tochi mbili na vikorokoro: 1.6. Begi lenyewe tupu, lile gumu la magurudumu: 3.2. Jumla ni 23.4. Hapo sijaweka hata suruali.

Sasa ndege kubwa za kwenda Dar si tatizo, kilo hizo unaweza kuzibana. Kesi inaanzia Dar. Ndege ndogo za kwenda Mafia zinaruhusu kilo 15 kwa abiria, na humo wanahesabu mpaka kile kibegi chako cha mkononi. Tena wanataka begi laini, la kukunjika, maana sehemu ya mizigo kwenye zile ndege ni kama kabati la jikoni. Mwaka wa kwanza drai suti na nguo zake niliziacha huku, akili hiyo nilikuwa nayo. Lakini begi gumu nililibeba, na pleti ya chuma, na regulata zote mbili. Dada wa kaunta akalitazama begi, akanitazama mimi, akasema, "Kaka, hili hata tukilipokea halitaingia."

Ikabidi nimpigie shangazi. Akaja na bajaji, tukafungua begi pale pale nje, watu wanatazama. Pleti ikabaki Dar. Shangazi hakuuliza ni ya nini. Niliporudi baada ya siku kumi niliikuta juani, juu ya mfuniko wa pipa la maji, inauzuia usipeperuke. Nikamwambia, "Shangazi, hiki ni kifaa cha kuzamia." Akanijibu, "Na hapa kinafanya kazi."

Mafia nikafika bila pleti, kwa hiyo nikakodi jaketi la kuelea. Sitataja nilikokodi, na sehemu zenyewe nimekwenda nyingi. Tulikuwa nje ya Kinasi, pale maji yanapoingilia Ghuba ya Chole, mita 14, mwendo mzuri, maji yanajaa na unaona mbali. Nikaanza kupanda. Natoa hewa, natulia, baada ya sekunde chache napanda tena. Kitufe cha kujazia kilikuwa kinavuja ndani kwa ndani, jaketi linajijaza lenyewe polepole. Dawa yake, shikeni hii: chomoa ule mpira wa hewa unaoingia kwenye kitufe. Unavuta nyuma kale kapete, mpira unatoka, basi. Kuanzia hapo ukitaka kujaza unapuliza kwa mdomo. Nilimaliza mzamio salama, ila raha ilikuwa imeshaniisha. Kwa yule ambaye ana mizamio sita tu maishani mwake, jaketi lile lingempeleka juu kama kizibo.

Ndipo nikarudi Hamburg na hasira, nikasema nanunua seti ya pili, yote, mpya. Tupige hesabu pamoja. Tuseme jaketi jepesi la safari ni euro 400, regulata 450, suti nyembamba 150, mapezi 60. Hiyo ni 1,060. Na regulata haitaki kujua kama umeitumia wiki mbili au mwaka mzima: watengenezaji wengi wanataka ikaguliwe kila mwaka au kila baada ya mizamio 100, kinachotangulia. Raba za ndani zinazeeka hata zikiwa kabatini. Kwa hiyo seti mbili maana yake ni fundi mara mbili. Kwa safari moja kwa mwaka! Hela hiyo ni wiki nzima ya kuzamia, na samaki wa kupaka juu.

Kabla sijatoa hela, rafiki yangu aliniazima jaketi lake la safari, nikaenda nalo mwaka uliofuata. Haya majaketi yanauzwa kwa sifa moja, wepesi, na kwa hilo hawadanganyi. Lile lilipima 2.4 kwenye mzani huu huu, linakunjwa likaenea ndani ya mapezi. Kasoro zake ni hizi. Mgongoni hakuna kitu kigumu, ni kitambaa tu, kwa hiyo mtungi unacheza kama mtoto asiyefungwa vizuri kwenye kanga. Mifuko ni ya kuwekea peremende. Na kile kitambaa chembamba sikukiamini kwenye mbao za boti. Lakini kwa anayezamia mara kumi kwa mwaka, tena kwenye maji ya joto tu, linatosha kabisa, na namwambia anunue bila wasiwasi.

Mimi lilinifumbua macho kwa jambo jingine. Nilipokuwa naosha vifaa nikajiuliza: hivi vitu vya Hemmoor, ni vipi hasa ambavyo Mafia havina kazi? Si vyote. Ni vile vilivyo pale kwa sababu ya baridi.

Chukueni pleti ya chuma. Hapa naipenda kwa sababu ni nzito. Drai suti inakaa na hewa, inataka kukupandisha, kwa hiyo uzito wa pleti unanipunguzia risasi kiunoni, yale madini mazito ya kutuzamisha. Mafia navaa suti ya milimita 3, uzito wote huo wa nini? Na kama uzito unahitajika, na utahitajika kidogo, maana mitungi ya alumini inapokaribia kuisha hewa inaanza kuelea, risasi ipo kwenye boti, bure. Nibebe uzito wa nini kutoka Ulaya? Halafu, ushauri wa bure: ukiwa kwenye ukaguzi pale uwanja wa ndege, usijibu kwamba umebeba risasi. Mimi nimejibu hivyo. Tulichukua nusu saa kueleweshana.

Kwa hiyo nilinunua pleti ya alumini. Hii hapa. Gramu 900, ile ya chuma ni kilo 2.8. Matundu ni yale yale, puto langu la kila siku linakaa juu yake, boliti mbili. Kilichonishinda mwanzoni ni mikanda. Kuitoa kwenye pleti moja na kuipitisha kwenye nyingine, upate urefu ule ule mabegani, ni kazi ya saa nzima na matusi. Nikanunua mkanda wa pili, nikaupitisha mara moja, nikauacha humo. Sasa kuhama kutoka chuma kwenda alumini ni dakika tano.

Regulata ndiyo ilinichekesha. Kwenye maji ya nyuzi 4 tunazamia na regulata mbili, kila moja kwenye vali yake, kwa sababu hewa ikitoka mtungini inapoa sana na regulata inaweza kuganda ikaanza kumwaga hewa ovyo. Unaifunga vali ile, unapumua kwa nyingine. Mafia hakuna cha kuganda. Kwa hiyo seti yangu ya safari nilikuwa nayo siku zote! Nachukua moja, nahamishia mdomo wa akiba wa kupumulia na mpira mmoja kutoka kwa mwenzake, tayari. Ila ukishahamisha, kajaribu kwanza majini karibu na kwako. Usiende kuvumbua uvujaji Chole.

Kitu kidogo cha kununua hapo ni adapta. Regulata zetu za huku ni DIN, zinasokotwa ndani ya vali. Mitungi mingi utakayokutana nayo kwetu pwani ni ya kubana kwa nje, yoki. Iko mitungi yenye kile kipande cha katikati kinachofunguka kwa ufunguo wa allen ukapata DIN, lakini mara nyingi chumvi imeshakishika, na nahodha hatakusubiri. Adapta hii ina gramu 200. Ubaya wake inasogeza regulata karibu na kisogo, ukiinua kichwa unajigonga. Na hapo inapounganika kuna oringi, pete ndogo ya raba ya kuzuia hewa isivuje, hii hapa, sogezeni macho: inaonekana nzima, lakini nikiivuta kidogo... mnaona huo mpasuko? Hii ndiyo inayotoa vipovu boti nzima ikikutazama. Kaa na tano mfukoni, bei yake haifiki hata ya soda.

Mapezi, nilinunua ya kuvaa peku, kilo 1.5, na suti ya milimita 3, kilo 1.4. Wakati wa kusi, Julai na Agosti, maji yanashuka mpaka nyuzi 25 hivi, na wenye kusikia baridi watataka milimita 5. Mimi baada ya Hemmoor naona aibu kulalamika.

Miwani na kompyuta ya kuzamia, ile inayohesabu kina na muda wako majini, ni zile zile, na hizo, hata kama huna kingine chochote, usikodi. Miwani inafuata uso wako, si wa jirani. Kompyuta inakumbuka mizamio yako ya jana, ile ya kukodi inakumbuka ya mtu mwingine.

Ninyi wa Mombasa, Diani, Unguja na Muscat, msiniige. Hamna baridi ya kukimbia. Tangu mwanzo nunua seti moja nyepesi, zamia nayo nyumbani, safiri nayo.

Na jambo la kurudi, maana wengi wanapima wakati wa kwenda tu. Suti mbichi inaongeza kilo bila kukuambia. Bahati nzuri, baada ya siku kadhaa za kuzamia mara kwa mara unashauriwa usipande ndege kabla hazijapita saa 18, wengi wetu tunakaa siku nzima. Siku hiyo ndiyo ya kuosha kwa maji yasiyo na chumvi na kuanika kivulini. Usiiharibu kwa kulala.

Haya, mzani wa mwisho. Pleti ya alumini na puto: 4.2. Regulata na adapta: 2. Suti 1.4, mapezi 1.5, miwani na vikorokoro na tochi moja ndogo 1.3, begi laini gramu 900. Jumla 11.3. Nguo zangu 2.9, inakuwa 14.2. Zinabaki gramu 800, na hizo zina mwenyewe: shangazi ameagiza chokoleti, na ameuliza ile pleti ya chuma naileta lini, mfuniko umeanza kupeperuka.