Mionzi ya nje na ya ndani kwa saratani ya shingo ya kizazi, uzoefu wangu (niko Moshi)

Wadada wengi wananiuliza inbox kuhusu mionzi ya ndani, wanaiogopa balaa, ila mie nasema ukweli ya nje ndo ilinichosha zaidi.

Kwangu ilikuwa stage ya kwanza ila uvimbe ulishapita sentimita 4, daktari akasema hapo naweza nikapasuliwa na bado nikapelekwa mionzi, bora niende mionzi moja kwa moja pamoja na dripu ya sisiplatini (dawa ya kemo) kila wiki. Haya, basi la Dar, nikafikia kwa shangazi Mbagala.

Ya nje ni Jumatatu mpaka Ijumaa kama wiki tano hivi. Kwenye mashine unalala dakika chache na husikii kitu, shughuli iko kwenye foleni, maana unatakiwa kibofu kijae ili utumbo usogee juu, sasa umeshakunywa maji yako alafu mbele yako kuna watu kibao, yani unabana miguu tu. Zile alama za wino za kiunoni usizisugue, mie jasho la Dar lilikuwa linazifuta kila saa nachorwa upya. Baadae tumbo likaanza kuharisha, maharage na maziwa nikaacha, nikaishi na uji wa mchele.

Ya ndani sasa. Unapewa dawa ya usingizi, unawekwa mpira wa mkojo, kirija chembamba kinapitishwa ukeni mpaka kwenye mfuko wa uzazi, wanashindilia gozi (kile kitambaa cha kufungia vidonda) kusogeza kibofu na njia ya haja kubwa mbali na mionzi. Wote wanatoka wanakuangalia kwa kamera, chanzo cha mionzi kinaingia, kinakaa dakika kadhaa, kinarudi kwenye mashine. Ukitoka huna mionzi mwilini, mtoto unambeba kama kawa. Kilichouma ni kuvutwa lile gozi, ombeni dawa ya maumivu mapema.

Mama mmoja wa Rombo alitaka kurudi nyumbani akimaliza ya nje sababu damu ilishakata. Nesi akamkatalia katakata: ya nje inapiga nyonga nzima na tezi, ukiiongeza sana utumbo unaungua, kwahiyo dozi kubwa ya pale kwenye shingo inaletwa na ya ndani, na zote ziishe ndani ya wiki nane hivi.

Hospitali nawapa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata sababu habari ya vile vifaa vya kupanua uke usije ukabana baada ya matibabu niliambiwa na mgonjwa mwenzangu kwenye benchi, sio na mtumishi. Ulizeni kabla hamjaruhusiwa.