Firefox ESR 115 kwenye kompyuta yangu ya Windows 7: uzoefu wangu

Nina duka dogo la fotokopi na kuchapa hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ya malori. Kompyuta yangu ni ya mezani, Core 2 Duo, RAM giga 2, Windows 7 ya biti 32. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na ndiyo inayolipa karo za watoto wangu. Siku kivinjari kilipokataa kusasishwa sikuwa na pesa ya mashine nyingine, na wateja walikuwa wameshakaa kwenye benchi.

Kati yao alikuwepo mama mmoja muuza mahindi, anataka nimfungulie TIN, namba ya mlipa kodi, kwenye tovuti ya URA, mamlaka ya kodi ya Uganda. Ukurasa ukaja nusu, vitufe havibonyezeki. Nikabonyeza kusasisha kivinjari, mstari ukatembea mpaka mwisho kisha kikaandika kimeshindwa. Mara tatu hivyo hivyo. Nikakifuta nikiweke upya, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana kipya hakikukubali kuingia. Tafadhali, usifute cha zamani kabla hujaona kipya kimefunguka. Nilibaki na Internet Explorer peke yake, nayo kila tovuti niliyojaribu ikanionya kuwa cheti chake si sahihi.

"Mwanangu, kwani mashine imekufa?" mama akauliza.

"Hapana mama, nipe mpaka kesho asubuhi."

Fundi niliyempigia simu alisema bila hata kuiona kwamba hiyo ni ya kutupa, aniletee nyingine. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu watu wengi hapa mpakani wametupa mashine nzima kwa neno kama hilo.

Jioni nikafunga mlango nikakaa nayo. Baada ya saa nzima ya kuhangaika ndipo macho yangu yakaangukia pembe ya chini ya skrini, upande wa kulia: 01/01/2009. Kumbe kila umeme ukikatika, saa inarudi huko. Na hilo lilitosha kuvuruga kila kitu. Tovuti yoyote ya https hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2009 huona vyeti vyote vya leo bado havijaanza kazi, kwa hiyo inavikataa. Na ile programu ndogo ya kusakinisha, ambayo kazi yake ni kwenda mtandaoni kuleta iliyobaki, inakwama papo hapo.

Nikarekebisha tarehe kwa mkono, tovuti zikaanza kufunguka. Alfajiri umeme ukaenda, uliporudi tukawa tena 2009. Basi nikachomoa waya ukutani, nikafungua kifuniko, nikaitafuta betri ya saa, ile inayotunza tarehe umeme ukikatika, kwenye ubao mkuu. Ni ya duara, ya fedha, kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3. Kuna kijichuma kinachoibana ukingoni. Ukikisukuma kwa ukucha inaruka yenyewe. Mpya niliipata kwa fundi wa saa za mkononi kwa shilingi 3,000. Irudishe maandishi yakiwa juu. Shilingi 3,000, ndugu zangu, kwa mashine iliyoambiwa ni ya kutupa.

Baada ya hapo nilichagua Firefox ESR 115. ESR ni Firefox inayopewa masahihisho kwa muda mrefu bila kubadilishwa sana. Kwa Windows 7 chaguo ni chache: Chrome ilikomea toleo la 109, kwani 110, lililotoka Februari 2023, linataka Windows 10 kwenda juu. ESR 115 ilitoka Julai 2023, na Mozilla, wenye Firefox, wakaendelea kuipa masahihisho ya usalama kwa ajili ya Windows 7 na 8. Mwanzo walipanga kuacha Septemba 2024, wakasogeza tarehe mbele, tena zaidi ya mara moja. Kingine ni kwamba Firefox inabeba orodha yake yenyewe ya mamlaka za vyeti, yaani wale wanaotoa vyeti vya tovuti, haitegemei ile ya Windows ambayo kwenye mashine za zamani imechakaa.

Chukua faili zima la kusakinisha, mega 50 na kitu. Lile dogo huvuta mzigo wakati wa kusakinisha, na mtandao wetu ukikatika katikati unaanza upya huku bando linakwisha. Mimi nililipakua zima kwa simu, nikalihamishia kwenye kompyuta kwa flashi. Mara ya kwanza nilichukua la biti 64 kwa haraka, likakataa kuingia kwenye Windows yangu ya biti 32. Hapo nilipoteza mega zote hizo. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya Computer, fungua Properties, usome mstari wa System type kabla ya kupakua. Faili lililofika nusu nalo hugoma.

Kuna jambo la tatu ambalo mafundi wengi hawaligusi. Programu za siku hizi hutiwa saini ya SHA-2, alama ya kidijitali inayoonyesha programu ni ya kweli, na Windows 7 haiwezi kuithibitisha ipasavyo mpaka iwe na Service Pack 1, lile furushi kubwa la masasisho yake, pamoja na masasisho mawili ya 2019: KB4490628, kisha KB4474419. Yangu ilikuwa na Service Pack tu. Niliyachukua yote mawili kwenye katalogi ya masasisho ya Microsoft, nikayaweka kwa mpangilio huo, nikawasha mashine upya, na kivinjari kikaingia bila neno.

Sasa nimekitumia miezi minane. Kimekuwa kikijisasisha chenyewe kimya kimya. Ukifungua kurasa nne au tano kinatulia, zikifika kumi RAM ya giga 2 inalemewa na herufi zinachelewa kutokea unapochapa. Video siangalii humo. Barua pepe, fomu za shule na kuchapisha PDF vinakwenda vizuri kabisa. Ukiwa na ESR 115 ya zamani, hakikisha imefika 115.13 au zaidi, kwa sababu cheti cha msingi cha Mozilla kiliisha tarehe 14 Machi 2025 na viongezi, zile programu ndogo za ziada za kivinjari, kwenye matoleo ya kabla ya 115.13 vinaweza kuzimika. Sasisho likigoma, endesha faili zima jipya juu ya lililopo. Alamisho na nywila zinabaki.

Pesa sizigusi kwenye mashine hii. Windows 7 yenyewe iliachwa na Microsoft tangu Januari 2020, na kivinjari kizuri hakiwezi kuziba matundu yaliyo chini yake. Mambo ya benki nafanya kwenye simu, na wateja wangu nawaambia hivyo hivyo.

Yule mama alirudi asubuhi saa tatu akiwa na kitambulisho chake mkononi. Fomu ilijaa mpaka mwisho, nikamchapishia karatasi yake. Mafaili yote matatu ninayo kwenye flashi dukani. Jirani mwenye mashine ya biti 32 aje nayo, nitamnakilia bure.